Kila Ngazi ina Shule Yake: Kujifunza Uongozi Kazini, kutoka Siku ya Kwanza hadi Kustaafu

Muuguzi anayejua kazi yake hujulikana upesi. Wagonjwa humwulizia kwa jina, wenzake humfuata wanapokwama, na nafasi ya msimamizi wa zahanati inapotokea, jina lake ndilo la kwanza kutajwa. Anapandishwa cheo. Miezi michache baadaye mambo huanza kwenda mrama. Ripoti za mwezi zinachelewa. Ufunguo wa stoo ya dawa unakaa mfukoni mwake peke yake, na siku anapokwenda Mwatate kwa mkutano, wananchi hurudi nyumbani mikono mitupu ilhali dawa zimo ndani. Hakuna aliyeiba, na hakuna mvivu hapo. Kilichokosekana ni mafunzo ya kazi mpya, kazi isiyofanana na ile aliyoifanya vizuri kwa miaka mingi.

Jambo kama hilo laweza kutokea katika idara yoyote: kwa afisa wa kilimo, mhandisi wa barabara, mwalimu wa chekechea, karani wa mapato au msimamizi wa wadi. Mtu hupandishwa cheo kwa sababu ya kazi aliyoimudu jana, kisha hupewa kazi ambayo hajawahi kuifanya. Ndiyo maana somo la makala haya ni moja: kila ngazi ya kazi ina shule yake, na kila anayepanda ngazi hana budi kuweka chini tabia fulani iliyomfaa katika ngazi aliyotoka. Asiyeiweka chini huumia yeye, na wananchi huumia zaidi.

Kaunti ya Taita Taveta ilikuwa na watu 340,671 katika sensa ya mwaka 2019. Ina kaunti ndogo nne, yaani Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na wadi 20. Mwananchi wa Kasigau au wa Mata huiona serikali kupitia watu wachache tu: muuguzi, afisa wa kilimo, msimamizi wa wadi, fundi wa maji. Hao wachache wakikua katika kazi zao, serikali yote huonekana imekua. Wakidumaa, hakuna mpango mzuri wa makao makuu utakaomfikia mwananchi huyo.

MARA MBILI NCHI ILILAZIMIKA KUJIFUNZA UPESI

Historia ya utumishi wa umma nchini Kenya ina vipindi viwili vinavyolifafanua somo hili vizuri.

Cha kwanza ni wakati wa kuelekea uhuru. Vyeo vikubwa vya utawala vilikuwa mikononi mwa maafisa wa kikoloni, na Waafrika wengi waliokuwa serikalini walishika nafasi za chini. Ilijulikana kwamba uhuru ukifika watu hao watalazimika kupanda haraka. Mwaka 1961, takriban miaka miwili kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa tarehe 12 Desemba 1963, ilianzishwa Taasisi ya Utawala ya Kenya huko Lower Kabete, Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa Waafrika kushika madaraka ya utawala. Waliokuwa wakipokea amri walipaswa kujifunza kutoa amri, kuandika sera, kusimamia fedha na kuwajibika kwa maamuzi yao wenyewe.

Cha pili kipo karibu zaidi na kumbukumbu za watumishi wengi wa leo. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, serikali za kaunti zilianza kazi. Mabaraza ya miji na wilaya yaliyokuwepo yalivunjwa, na watumishi wake wakajikuta katika utumishi mmoja mpya pamoja na maafisa waliotoka wizara za serikali kuu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa kaunti huduma za afya za mashinani na hospitali za kaunti, kilimo, barabara za kaunti, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji na usafi. Afisa aliyezoea kuandika barua Nairobi na kusubiri jibu sasa ndiye aliyesubiriwa kutoa jibu. Cheo cha msimamizi wa wadi chenyewe kilikuwa kipya, kwani kiliwekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Walioshika nafasi hiyo mwanzoni hawakuwa na mtangulizi wa kumwuliza.

Ni katika kipindi hicho, mwaka 2012, ambapo taasisi ile ya Lower Kabete iliunganishwa kwa mujibu wa sheria na vyuo vingine vya mafunzo ya serikali, kikazaliwa Chuo cha Serikali cha Kenya, ambacho wengi hukiita KSG. Matawi yake yaliyo karibu zaidi na Taita Taveta ni ya Mombasa na Matuga, Kwale.

Vipindi hivyo viwili vinafundisha jambo moja. Cheo kinaweza kutolewa kwa siku moja kwa barua yenye muhuri. Uwezo wa kukibeba cheo hicho hujengwa polepole, na ni heri ujenzi huo uanze kabla barua haijafika.

NGAZI YA KWANZA: MGENI KAZINI

Mtumishi mpya kwa kawaida huanza na kipindi cha majaribio cha miezi 6. Wengi hukichukulia kama kikwazo cha kuvuka ili wathibitishwe kazini. Ukweli ni kwamba huo ni muda wa thamani kubwa, kwa sababu ni wakati ambao kuuliza hakumshangazi mtu yeyote. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Anayeuliza katika mwezi wa pili husaidiwa. Anayeuliza swali lile lile katika mwaka wa tano hutazamwa kwa mashaka.

Tabia ya kuweka chini katika ngazi hii ni kiburi cha cheti. Shahada au diploma humwonyesha mtumishi namna kazi inavyopaswa kwenda. Haimwambii kazi hiyo inakwendaje Marungu au Werugha. Afisa wa kilimo aliyekulia milimani, penye ukungu na mboga za kuuzwa Mombasa, akipelekwa nyanda za chini za Voi atakuta mvua haba, mifugo mingi na wanyamapori wanaovuka kutoka mbuga za Tsavo. Ushauri mzuri wa Wundanyi unaweza kuwa hasara Ngolia. Wenye kulijua hilo ni wakulima wenyewe na watumishi waliotangulia.

Mambo matatu humsaidia mgeni kazini. La kwanza ni kujua taratibu za kazi yake kwa kuzisoma mwenyewe: barua ya kuajiriwa, maelezo ya majukumu, kanuni za maadili na miongozo ya idara. Aliyesoma taratibu hayumbishwi na uvumi wa kibandani. La pili ni kumtafuta mtumishi mkongwe mmoja anayeheshimika na kujifunza kwake, hata kama cheo cha mkongwe huyo si kikubwa. Dereva aliyezunguka wadi zote kwa miaka 20 anaweza kumfundisha afisa mpya mambo ambayo hayamo katika faili lolote. La tatu ni kuweka daftari. Mtumishi anayeandika alichokifanya, kilichomshinda na alichojifunza, hata kwa mistari michache kila Ijumaa, huwa na ushahidi wa kukua kwake wakati wa kuhojiwa na kupimwa.

Heshima nayo ni sehemu ya ujuzi. Katika kaunti hii husikika Kidawida, Kisagalla, Kitaveta, Kikamba, Kisomali na lugha nyinginezo, pamoja na Kiswahili. Mtumishi anayesalimia kabla ya kuuliza, anayemwita mzee kwa heshima yake na anayesikiliza hadi mwisho, hupewa habari ambazo mwenzake mwenye haraka hapewi.

NGAZI YA PILI: KUSIMAMIA WENZAKE

Hii ndiyo ngazi inayowatatiza wengi. Jana alikuwa mmoja wao, wakinywa chai pamoja na kulalamika pamoja. Leo ndiye anayetia sahihi fomu zao za likizo na kuwauliza kwa nini wamechelewa.

Tabia ya kuweka chini hapa ni ile ile iliyomletea sifa: kufanya kila kitu kwa mkono wake. Fundi hodari anapokuwa msimamizi wa mafundi, kila kazi inayofanywa na wengine humwonekea imekwenda vibaya. Humnyang'anya mwenzake spana, akaimaliza mwenyewe, akarudi ofisini usiku kuandika ripoti. Wiki za kwanza husifiwa kwa bidii. Baada ya mwaka mmoja yeye amechoka, walio chini yake hawajajifunza kitu, na akiugua siku tatu kazi husimama.

Kipimo cha msimamizi ni kazi inayofanyika asipokuwepo. Kwa hiyo msimamizi hujifunza kugawa kazi, na kugawa kazi kuna hatua zake. Humweleza mwenzake matokeo yanayotakiwa na tarehe. Humpa madaraka na vifaa vinavyolingana na kazi hiyo. Hukubaliana naye siku ya kukagua, kisha humwacha afanye. Katika mfano wa stoo ya dawa, suluhisho halihitaji fedha: ufunguo unashikwa na watu wawili waliopewa jukumu hilo kwa maandishi, kila dawa inayotoka inaandikwa katika daftari la stoo, na msimamizi hulikagua daftari hilo kila wiki. Dawa ziko salama, na mgonjwa aliyeshuka mlima tangu alfajiri hupata huduma.

Msimamizi hujifunza pia kusahihisha watu. Kosa la mtu huzungumzwa faraghani, mapema, na kwa kutaja tendo lenyewe. Kusema "wewe ni mzembe" hakufundishi. Kusema "ripoti ya Machi ilifika siku nane baada ya tarehe; nini kilikuzuia?" humpa mtu nafasi ya kueleza na kubadilika. Sifa nayo ina mahali pake, ingawa wahenga walitahadharisha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa nzuri hutaja kilichofanywa vizuri ili kirudiwe.

Fomu ya tathmini ya utendakazi ni chombo cha mafunzo kinachotumiwa vibaya mara nyingi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Malengo hutakiwa kuwekwa mwanzoni, yakaguliwe katikati ya mwaka na kupimwa mwishoni. Fomu ikijazwa yote kwa siku moja mwezi Juni ili itimizwe tu, hakuna aliyejifunza. Ikijazwa kwa mazungumzo ya kweli mara tatu kwa mwaka, msimamizi huona mapema ni nani anahitaji msaada na ni nani yuko tayari kubeba mzigo mkubwa zaidi.

Kwa ngazi hii, KSG hutoa kozi ya stadi za usimamizi ya wiki 2. Inafaa zaidi ikichukuliwa kabla ya kupandishwa cheo, au mara tu baada yake, kuliko kusubiriwa hadi itakapodaiwa kama sharti la kupanda tena.

NGAZI YA TATU: KUONGOZA IDARA

Anayeongoza idara huacha kuitazama kaunti kupitia dirisha la taaluma yake peke yake. Daktari, mhandisi au mwalimu aliyefika hapa hana budi kujifunza fedha, sheria, mipango na siasa za kuwatumikia watu wenye mahitaji yanayogongana. Kinachowekwa chini ni ile fahari ya kuwa mtaalamu mwenye jibu la kila swali.

Mfano wa wazi upo katika historia ya kaunti yenyewe. Dkt. Naomi Shaban alikuwa daktari wa meno kabla ya kuchaguliwa mbunge wa Taveta mwaka 2002. Mwaka 2008 alikabidhiwa Wizara ya Programu Maalumu, wakati ambapo maelfu ya Wakenya walikuwa wamehamishwa makwao na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na wizara hiyo ndiyo iliyohusika na wakimbizi hao wa ndani. Baadaye alishika Wizara ya Jinsia, Watoto na Maendeleo ya Jamii. Hakuna darasa la udaktari wa meno linalofundisha namna ya kushughulikia kambi za waliohamishwa. Kila hatua ya safari kama hiyo humdai mtu ajifunze upya, kwa mambo yasiyokuwamo katika vitabu vyake vya kwanza.

Kwa mkuu wa idara, somo la kwanza ni kalenda ya fedha za umma. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mwongozo wa sera ya fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Juu ya hayo yote upo mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka 5. Mkuu wa idara anayekumbuka mahitaji yake mwezi Mei amechelewa. Mradi wake utasubiri mwaka mwingine, na daraja la kijiji litasubiri pamoja nao. Anayeijua kalenda hukusanya takwimu zake Julai na Agosti.

Somo la pili ni kuwasikiliza wananchi wenye ujuzi. Sagalla ina funzo zuri. Kwa miaka mingi ndovu wametoka Tsavo Mashariki na kuvamia mashamba, na mkulima angeweza kupoteza chakula cha msimu mzima kwa usiku mmoja. Utafiti uliofanywa nchini Kenya na Dkt. Lucy King ulionyesha kwamba ndovu hukimbia sauti ya nyuki walioudhika. Tangu mwaka 2009 yeye na shirika la Save the Elephants wamefanya kazi na wakulima wa Sagalla kujaribu uzio wa mizinga: mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, ndovu akiugusa waya mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mkulima hubaki na mazao, na asali ya kuuza.

Kiongozi ana mengi ya kujifunza hapo. Wazo lilijaribiwa kwanza kwa kiasi kidogo, likapimwa, kisha likapanuliwa. Wakulima walikuwa washirika, kwa kuwa wao ndio wanaoitunza mizinga na kuona ndovu wanapopita. Na mipaka ya wazo ilijulikana: ukame ukikaza, maua hukosekana na nyuki huhama, kwa hiyo uzio huo huhitaji kusaidiwa na njia nyingine. Mkuu wa idara anayeongoza kwa namna hiyo, kwa kujaribu, kupima, kusikiliza na kukubali mipaka, hujenga miradi inayodumu baada ya siku ya uzinduzi.

Mikutano ya ushirikishi wa umma ni darasa la aina hiyo hiyo. Afisa anayeingia ukumbini akiwa na orodha iliyokwisha kuamuliwa hupata sahihi za mahudhurio peke yake. Anayeingia akiwa na maswali matatu ya kweli hutoka na majibu ambayo ofisi yake isingeyapata kwa njia nyingine. Katiba, katika Kifungu cha 73, inasema kwamba mamlaka ya afisa wa serikali ni dhamana, nayo humpa wajibu wa kuwahudumia watu, wala si uwezo wa kuwatawala.

Kwa ngazi hii KSG hutoa kozi ya usimamizi wa ngazi ya juu ya wiki 4, na programu ya uongozi wa kimkakati ya wiki 6. Kozi hizo hufungua macho, lakini mtu akirudi kazini na kuweka cheti kabatini bila kubadilisha hata utaratibu mmoja, fedha za umma zimepotea. Desturi nzuri ni kila anayerudi kutoka kozi awafundishe wenzake kwa saa moja, na aandike jambo moja atakalolibadilisha ndani ya siku 90.

NGAZI YA NNE: KUACHIA

Umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ni miaka 60, na 65 kwa watu wenye ulemavu. Tarehe hiyo inajulikana tangu siku ya kuajiriwa, lakini huwakuta wengi kana kwamba imezuka ghafla. Fundi wa maji anastaafu Ijumaa, na Jumatatu hakuna anayejua vali ya kufungia bomba la mtaa iko chini ya kichaka gani. Maji hukatika kwa wiki nzima katika mtaa ambao mzee huyo aliujua kama kiganja chake.

Tabia ya kuweka chini katika ngazi hii ni ngumu kuliko zote: kupenda kuhitajiwa. Wapo wanaoficha ujuzi kwa kudhani utawalinda. Ujuzi uliofichwa haumlindi mtu dhidi ya umri. Huwanyima tu waliobaki.

Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa kuachia madaraka. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Julius Nyerere akiwa Waziri Mkuu. Januari 1962, wiki chache tu baadaye, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge upya chama cha TANU, na kumwachia kiti Rashidi Kawawa, aliyekuwa amekomaa katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi. Desemba mwaka huo Tanganyika ikawa jamhuri na Nyerere akawa Rais. Mwaka 1985 aling'atuka urais, akafuatwa na Ali Hassan Mwinyi, naye akabaki mwenyekiti wa chama hadi mwaka 1990. Watu wanaweza kuijadili siasa yake kwa namna nyingi. Funzo kwa mtumishi ni kwamba kiti kilikuwa na mtu wa kukikalia, kwa sababu wengine walikuwa wamepewa nafasi ya kukua.

Sheria za Kenya pia zimejenga wazo la kuachia ndani ya mfumo. Gavana hawezi kuhudumu zaidi ya vipindi viwili. Mwanachama wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti huhudumu kipindi kimoja cha miaka 6 kisichorudiwa. Nafasi ya umma ina mwenye kuishika kwa zamu. Mwenye mali ni mwananchi.

Anayekaribia kustaafu anaweza kufanya mambo mengi katika miaka 2 au 3 ya mwisho. Aandike ripoti ya makabidhiano mapema na kuiongezea kila robo mwaka. Achore ramani ya mabomba, mipaka na mafaili yanayojulikana kichwani mwake pekee. Ampeleke kijana katika mikutano anayokwenda peke yake. Amwache akaimu wakati wa likizo, na akirudi asivunje maamuzi yake bila sababu. Mtumishi aliyefanya hivyo hubaki katika kazi hata baada ya jina lake kutoka mlangoni.

NANI HUPEWA NAFASI YA KUJIFUNZA?

Mazungumzo kuhusu kukua kazini huwa ya haki pale tu nafasi zinapogawanywa kwa haki. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataja miongoni mwa maadili ya utumishi wa umma ushindani wa haki na sifa kama msingi wa kuajiriwa na kupandishwa vyeo, na kinataka wanaume na wanawake, watu wa makabila yote na watu wenye ulemavu wapewe nafasi za kutosha na zilizo sawa za kuajiriwa, kufunzwa na kupanda.

Kwa vitendo, haki hiyo hujaribiwa katika mambo madogo. Tangazo la kozi likibandikwa Mwatate pekee, mtumishi wa Kishushe au Chala hulisikia baada ya tarehe ya mwisho kupita. Kozi ya wiki 4 mbali na nyumbani humzuia mama anayenyonyesha ikiwa hakuna aliyefikiria mpango mbadala. Ukumbi wenye ngazi bila njia ya kiti cha magurudumu humwambia mtu arudi nyumbani. Na msimamizi akimteua mtu yule yule kila mwaka kwa sababu wamezoeana, wengine huacha kujaribu, idara ikabaki na nguzo moja tu.

Dawa yake ni daftari la mafunzo la idara linaloonyesha wazi nani alihudhuria nini na lini, na ambalo kila mtumishi anaweza kuliona. Inafaa pia kukumbuka kwamba mafunzo mengi hayagharimu nauli: kukaimu nafasi, kubadilishana vituo kwa mwezi mmoja, kuandamana na mkuu katika kikao cha bajeti, au kuongoza mkutano wa wiki kwa zamu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WA IDARA

1. Kila mtumishi yuko katika ngazi gani kati ya hizi nne, na ni tabia gani ya ngazi iliyopita ambayo bado anaishikilia?

2. Ni kazi zipi katika ofisi ambazo mtu mmoja tu ndiye anayezijua? Nani atafundishwa kazi hizo kabla ya mwisho wa robo mwaka ijayo?

3. Katika miaka 2 iliyopita, ni akina nani waliokwenda mafunzoni na akina nani hawajawahi? Sababu ni nini?

4. Aliyerudi kutoka kozi ya mwisho alibadilisha utaratibu gani?

5. Ni jambo gani ambalo wananchi wa wadi wanalijua vizuri kuliko ofisi, na ofisi itakwenda kujifunza kwao lini?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, kila jibu na jina la anayehusika na tarehe. Yataingia kwa urahisi katika malengo ya mwaka yanapowekwa Julai, na yatakuwa na uzito zaidi yakipitiwa tena mwezi Januari, wakati bado kuna miezi 6 ya kurekebisha kilichobaki nyuma.